Mikono Mgongoni

Runcu de Sus, 4 Machi 1994

Mdogo wangu Sabina,

Huku tu wazima. Theluji imeanza kuoza na njia ya kanisani ni tope mpaka magotini. Kuku wanane wanataga. Walikuwa tisa, mmoja kaenda na mbweha. Mume wa jirani Veta ameanguka tena kutoka ghala la majani makavu, hakuumia, amekwisha kuzoea. Ndani ya bahasha utakuta uzi wako wa Machi, mwekundu na mweupe, nimeusokota mwenyewe kama kila mwaka. Uufunge mkononi, hata kama hapo ofisini kwenu wanaona ni mambo ya kishamba.

Nimemaliza salamu. Sasa nisikilize.

Jana Costea Bănică alinijia chekechea amekunja karatasi kofiani. Unamkumbuka Costea, mwenye mtambo wa kukenekea pombe ya plamu kule chini ya daraja. Kusoma kwake ni kwa kubahatisha, akaniomba nimsomee. Nikamsomea kwa sauti, mjinga mimi, kabla ya kupitisha macho: "Mtoto Paraschiva Bănică, miaka sita na miezi minne. Haelewi maswali ya kawaida kuhusu maumbile. Majibu yanapingana. Ufahamu uko chini ya umri. Inapendekezwa aandikishwe Septemba katika shule maalumu ya bweni." Chini yake sahihi tatu. Ya tatu niliijua bila kuisoma, maana hiyo S nilikufundisha mimi, kwa kijiti, kwenye majivu ya jiko la mama.

Costea aliuliza kitu kimoja tu: bweni ni mbali kiasi gani. Nikamwambia kilomita sabini. Akakunja karatasi, akairudisha kofiani, akatoka.

Chiva wa Costea haongei sana, hilo sikatai. Maneno yake yanatoka moja moja na mengine yanageuka njiani. Lakini mlimuuliza nini? Maji ya nguo iliyoanikwa yanakwenda wapi! Mlimuuliza mtoto wa Costea, ambaye kila Oktoba anakaa kwenye gogo kando ya sufuria ya shaba akimtazama baba yake anachochea moto. Wiki iliyopita, saa ya chai, alisimama mbele ya birika langu linachemka. Vidole vyake vikaanza kupanda huku vinachezacheza. Kisha mkono mmoja ukalala mshazari, ukawa bomba. Wa pili ukauzunguka ule wa kwanza, ukawa pipa la maji baridi. Halafu kidole kikagonga meza: to, to, to. Hakusema neno. Mvuke unapanda, unapoa, unarudi kuwa maji. Mimi nilielezwa hayo nina miaka kumi na mitatu na bado sikuelewa.

Nilimuuliza alikaaje mbele yenu. Akasema, "Mikono mgongoni." Sabina, mmemnyang'anya mtoto ulimi wake, kisha mkaandika kwamba ni bubu wa akili. Nani alimwamuru? Nataka jina.

Dada yako, Filofteia


Mjini, 30 Machi

Dada Filofteia,

Shikamoo na samahani kwa kuchelewa. Shemeji yako Emil ana kikohozi cha wiki tatu, joto la ghorofa yetu linafunguliwa saa mbili tu kwa siku, na binti yetu Ruxandra ana mtihani wa kidato na anatununia wote. Uzi nimeufunga. Mwenyekiti wa jopo letu, daktari Oprițescu, aliuona akauliza nani ananipenda. Nikasema dada yangu. Hiyo ilikuwa kabla sijaisoma barua yako.

Dada, siku ile tulikuwa na watoto arobaini na wawili. Kila mmoja dakika ishirini. Nilimuuliza Chiva swali kama lilivyoandikwa. Akasema, "Juu." Nikarudia ili nihakikishe, akasema, "Chini." Baada ya hapo alitazama viatu vyake mpaka muda ukaisha. Ningeandika nini? Fomu ina mistari mitano ya maneno ya mtoto. Haina mstari wa vidole.

Unasema mimi na wenzangu tumemwonea. Sisi hatumjui Costea wala gogo lake. Tunajua anachosema mtoto mezani. Tukianza kuandika kila mwalimu anachodhani mtoto alikusudia, hakuna atakayefeli katika wilaya hii, na wale wanaohitaji msaada kweli hawatapata.

Kuhusu mikono mgongoni sina la kusema.

Nakutumia dawa ya mgongo kwa dereva wa basi. Paka usiku, usinywe.

Sabina


Runcu de Sus, 12 Aprili

Sabina,

Dawa imefika, inanuka kama buti la askari lakini inafanya kazi. Plamu zimechanua juu ya mlima mzima. Padri wetu amenunua baiskeli, ameanguka mara mbili, waumini wanaombea breki.

"Juu," akasema. Kisha "Chini." Na wewe, msomi, ukaandika yanapingana! Nenda jikoni kwako. Weka sufuria ya maji motoni, ifunike, uhesabu mpaka mia tatu, ufunue. Maji yako wapi? Yalipanda juu. Yanadondoka wapi? Chini. Mtoto alikupa jibu zima kwa maneno mawili, kwa sababu hayo mawili ndiyo aliyokuwa nayo, na yaliyobaki yalikuwa mikononi. Ulirudia swali, yeye akadhani unataka sehemu ya pili!

Nilikuwa na hasira kiasi kwamba wiki hii nimeanza kuwatazama watoto wote, si yeye tu. Nimemuuliza Mitruț wa Veta: jiwe kubwa na jiwe dogo yakidondoshwa pamoja, lipi linatangulia? Akajibu haraka, kama wakubwa wote, "Kubwa!" Lakini mikono yake ilikuwa juu imeshika mawe yasiyokuwepo, na alipoiachia, yote miwili iligonga meza pamoja. Nikamuuliza tena. Mdomo: kubwa. Mikono: pamoja. Siku ya tatu alikuja mwenyewe, amekunja uso, akasema, "Mama mwalimu, nadhani yanafika pamoja." Mikono ilijua siku tatu kabla ya mdomo. Kazi hii naifanya tangu mwaka wa hamsini na tano, na sikujua.

Sasa fikiria mtoto ambaye mdomo wake unachelewa miezi sita badala ya siku tatu, halafu mtu mzima anamwambia afiche mikono. Huyo amekatwa njia pande zote mbili.

Nataka aulizwe tena. Na bado hujanijibu nani alimwamuru.

Filofteia


Mjini, 25 Aprili

Dada,

Mkate mtamu wa Pasaka nimeuoka mapema, umeinuka upande mmoja kama kofia ya mlevi. Nakutumia nusu nzuri.

Nilizungumza na mwenyekiti. Nilimweleza kuhusu birika, bomba na pipa. Alicheka mpaka akavua miwani. Akasema kama ni hivyo tumpe mtoto leseni ya kukeneka, na akauliza, si kwa kucheka tena, kwa nini mtoto wa miaka sita anakaa kwenye mtambo wa pombe usiku na mchana. Alitaka kuandika jina la Costea. Nilimgeuzia mazungumzo kwa shida. Nakuomba sana, dada, usiandike lolote kwa mwenyekiti mwenyewe. Ukilisukuma jambo hili, linaweza kumwangukia Costea.

Mtoto kuulizwa tena inawezekana kwa ombi la mmoja wa jopo, mwezi Juni. Mjumbe anayeomba hivyo anakiri kwamba alikosea mara ya kwanza. Sijaamua.

Swali la mikono umelirudia mara ya pili. Silijibu. Niache na ukimya wangu.

Sabina


Runcu de Sus, 6 Mei

Sabina,

Kristo amefufuka. Mkate umefika, tuliula. Makaburi nimeyasafisha, la mama nimepanda maua mapya. Yai lako jekundu la Pasaka mwaka huu sikuliweka kando, nilimpa Chiva.

Juzi nilipita kwa akina Costea. Aneta, mama yake mtoto, alikuwa ameketi mlangoni na shuka mbili mapajani, anashona. Bweni limetuma orodha: shuka mbili, taulo, gauni la kulalia, kila kitu kishonwe jina. Anashona P. BĂNICĂ kwa uzi mwekundu. Chiva amekaa pembeni anamshikia mkasi. Aneta hakunisalimia. Akaniambia bila kuinua kichwa, "Mama mwalimu, wewe si ulisema mdogo wako yuko kule ndani?" Nilikosa pa kuweka uso.

Hujaamua! Unaogopa kukiri kosa mbele ya mtu anayecheka mpaka miwani inadondoka. Mama alikufa ukiwa na miaka mitatu, mimi nilikuwa na ishirini. Nilikulea kwa mshahara wa chekechea, mchumba wangu akachoka kusubiri akaenda kuoa mjini Pitești, sikulalamika siku moja. Sikukulea uje uwe mtu wa kuficha mikono ya watoto wa maskini ili fomu yako ijae vizuri. Umepata ofisi, umesahau ulitoka wapi.

Nakuuliza kama unavyowauliza watoto, na unijibu kwa neno moja. Ni wewe uliyemwambia Chiva aweke mikono mgongoni, ndiyo au hapana?

Filofteia


Mjini, 15 Mei

Dada Filofteia,

Amefufuka kweli. Emil hajambo, Ruxandra amefaulu. Hizo ndizo salamu, na leo hazitakuwa ndefu.

Hapana.

Aliingia nayo mgongoni. Alifungua mlango kwa kiwiko, akasimama mbele ya meza, vidole vimeshikana nyuma kama vimefungwa kufuli. Nilimwambia, "Chiva, iachie mikono, mwanangu, ukae unavyotaka." Akatikisa kichwa. Nikazunguka meza nikainama. Akaninong'oneza, ndiyo sentensi ndefu kuliko zote alizosema siku ile: "Mama mwalimu Filofteia amesema, ukiulizwa na mkubwa, mikono mgongoni."

Sikutaka kukuandikia hili. Miezi miwili nimemeza matusi yako ili nisikuandikie. Lakini umesema habari za mama na mchumba wako, na mimi nina mpaka wangu. Kila mtu anajua msemo wa nyani. Mwisho wake umalizie mwenyewe, mimi ni mdogo wako, adabu hainiruhusu.

Umeona vidole vyake saa ya chai, kwa sababu saa ya chai unaruhusu. Saa ya somo je? Mitruț ulimuuliza lini, somoni au uani? Ni nani amewaambia watoto wa kijiji kile, miaka yote hii, kwamba mtoto mwerevu hachezi na mikono?

Mimi nilikuwa darasani kwako mwaka wa hamsini na saba. Nilikuwa na miaka minne. Uliniuliza mwezi kwa nini unakonda, na mimi nikainua mikono nikuonyeshe, kwa sababu nilikuwa nimeutazama wiki nzima kutoka dirishani. Ukaniambia mikono mgongoni. Niliisahau, ikatoka tena. Ukavua kitambaa chako cha bluu cha kichwani ukanifunga mikono, mbele ya wote, ili wasiseme mwalimu anampendelea mdogo wake. Nilikaa hivyo mpaka mchana. Mwezi unakonda kwa nini, nilikuja kujua chuoni.

Aliponitajia jina lako siku ile, ningeweza kumbembeleza zaidi. Sikumbembeleza. Nilirudi kwenye kiti changu na nikajikuta nimekaa wima. Hilo ndilo kosa langu, na hilo nitalikiri mbele ya jopo. Ombi la kumuuliza tena nimelipeleka jana. Ni tarehe ishirini na nane Juni, saa tatu asubuhi.

Lako, wewe utalikiri mbele ya nani?

Sabina


Runcu de Sus, 17 Juni

Sabina,

Barua yako ilinifikia tarehe kumi na nane Mei. Sikuijibu kwa sababu nilikuwa na hasira nawe. Baadaye nikawa na hasira na mtu mwingine, na huyo nalala naye kitanda kimoja tangu nizaliwe, sikuweza kumkimbia.

Majani ya kwanza tumekata. Mvua imekaa mbali. Kuku wako salama.

Mkaguzi wa mwaka wa hamsini na saba alikuwa akisimama mlangoni na kuhesabu mikono iliyo mgongoni kabla ya kuhesabu watoto. Darasa lenye mikono mgongoni lilikuwa darasa zuri. Samaki mkunje angali mbichi, tuliambiwa, na mimi nikakunja. Mkaguzi alikufa zamani, hakuna aliyekuja kuhesabu tena, na mimi nikaendelea. Nimejumlisha daftari za mahudhurio: watoto mia saba na kumi na wanne. Nikisema sikujua, ni kweli, na haisaidii kitu.

Kuhusu kitambaa, mimi nilikikumbuka kuwa cha kijani.

Tarehe ishirini na tatu Mei niliwaambia watoto watoe mikono. Walidhani ni mtego. Walitazamana, wakakaza zaidi. Nikawaambia tena, Mitruț akauliza, "Halafu utatuchapa?" Ilichukua siku nane. Wa mwisho alikuwa Chiva. Kwangu sasa anaitoa, lakini akiingia mtu mzima mwingine, hata Veta na maziwa yake, inarudi nyuma kabla hajafikiri. Nimemwambia mara mia kwamba mama mwalimu alikosea. Ananitazama kana kwamba nimemwambia Mungu ana mafua.

Nitamleta tarehe ishirini na nane kwa basi la alfajiri. Najua sitaruhusiwa kuingia. Nitakaa kwenye benchi la ukumbi.

Filofteia


Mjini, 2 Julai

Dada,

Ulitoka mbio kuwahi basi, na pale ukumbini Oprițescu alikuwa amesimama nyuma yangu, sikuweza kukueleza. Nakuandikia yote yalivyokuwa.

Aliingia nayo mgongoni. Nilijua ataingia hivyo. Oprițescu katikati, mimi kushoto, mwalimu mzee Zamfira kulia. Nilimuuliza kuhusu nguo iliyoanikwa: kimya. Zamfira akamuuliza kuhusu theluji: kimya. Nikatoa mikono yangu mwenyewe, nikaweka mezani, nikaichezesha kama mwehu. Chiva alinitazama kwa huruma. Zilikuwa zimebaki dakika saba.

Oprițescu akaanza utani wake. "Basi, binti wa mwenye mtambo, tuambie pombe inatoka wapi." Sijui kwa nini, nilimwambia, "Mwenyekiti, mweleze wewe kwanza, maana unasifika kwa kuijua." Zamfira alikohoa. Yeye akafurahi, unamjua mwanamume akiulizwa kuhusu pombe. Akajiegemeza kitini akaeleza kwamba plamu zinachemka, maji yote yanaruka angani, na pombe, kwa kuwa ni nzito, inabaki chini ya sufuria, halafu baba anaimimina kupitia bomba.

Nilimwona Chiva anabadilika rangi, kuanzia shingoni. Alikuwa na hasira, dada. Kwa hasira ya namna hiyo hukuwa na haja ya kuniambia ni mtoto wa kijiji chetu. Akasema, "Siyo!" Mikono ikatoka yote miwili. Vidole vikapanda, mkono ukalala mshazari, lakini wa pili haukutosha kufanya pipa kwa sababu alitaka pia kumwonyesha moto. Akazunguka meza, akaushika mkono wa daktari Oprițescu wenye saa ya dhahabu, akaupinda juu ya mkono wake mwenyewe ukawa pipa. Akamtazama usoni. "Baridi. Hapa baridi. Bila baridi hakuna kitu." Kisha kidole chake kikagonga karatasi za jopo: to, to, to.

Nilimuuliza tena nguo zilizoanikwa. Hakuniangalia hata. Kwa mkono mmoja akapandisha vidole, kisha akafungua kiganja hewani na kukiacha wazi, akakisogeza huku na huku, hakukigonga mezani. Hakuna pipa uani, hakuna baridi, kwa hiyo hairudi kudondoka hapo. Hayo hujamfundisha wewe wala baba yake. Aliyafikia pale pale mbele yetu, na mikono ikiwa mbele.

Alipotoka, Oprițescu alisema mtoto ametamka maneno manane na kanuni ni kanuni. Alikuwa amekasirika, nadhani ni kwa sababu alisahihishwa. Mimi niliandika. Mistari mitano haikutosha, nikageuza fomu, nikaandika nyuma kila mkono ulifanya nini na kwa utaratibu gani. Alikataa kutia sahihi. Mimi nikatia. Zamfira alishika kalamu muda mrefu, akasema, "Na mimi nilimkunja mwanangu mikono hivyo hivyo," na akatia. Sahihi mbili zinatosha kwa muda wa majaribio. Chiva ataanza darasa la kwanza hapo hapo kijijini, na ataangaliwa tena kabla ya Krismasi.

Mwaka ujao sitakuwa kwenye jopo. Nimeambiwa kwa upole sana, juu ya kikombe cha kahawa. Nilirudi nyumbani nikavunja sahani moja, ya bei rahisi, kisha nikalala vizuri.

Sabina


Runcu de Sus, 20 Septemba

Sabina wangu,

Jamu ya plamu imekaa motoni siku mbili, nyumba nzima imenata, hata paka. Costea ameanza kukeneka, amekuwekea chupa na amekataa nimwambie asante. Aneta amefumua majina kwenye shuka. Mgongo wangu sisemi.

Sikukuandikia majira yote ya joto. Nilianza barua nne. Zote zilikuwa na neno moja ambapo kalamu ilikwama, na wewe unalijua. Niliona nikuambie uso kwa uso, au nisikuambie kabisa, lakini si kwa karatasi. Nimekuwa mwoga, basi.

Shule imefunguliwa Alhamisi. Chiva alikwenda na maua ya mwalimu, utepe mweupe kichwani mkubwa kuliko kichwa. Darasa la kwanza anafundisha Voicu Stănilă. Ni mtu mwema, ana watoto watatu, hapigi.

Jana saa nne, wakati wangu walikuwa wanacheza, nilipita nyuma ya jengo lao. Madirisha ya nyuma yako chini, niliweza kuona ndani. Watoto kumi na tisa walikuwa wamenipa migongo, na jozi kumi na tisa za mikono zilikuwa nyuma, zimeshikana. Voicu alikuwa amesimama mbele, anawauliza lile dimbwi la uani linakwenda wapi jua likiwaka. Wakajibu kwa pamoja kwamba linakauka. Akauliza, likikauka linakwenda wapi. Wakanyamaza wote. Kwa mbele, nadhani alikuwa anaona nyuso kumi na tisa zisizojua kitu.

Mimi nilikuwa naona upande wa pili. Mgongoni kwa Chiva vidole vilikuwa vimeachana na vinapanda. Havikuweza kwenda mbali, vilikuwa vinapanda pale pale kwenye uti wa mgongo, kisha kiganja kikafunguka. Mitruț naye alikuwa anazungusha ngumi. Nikahesabu, kama yule mkaguzi. Watoto saba walikuwa wanajibu, Sabina. Walikuwa wanajibu mgongoni kwao wenyewe, na mwalimu anasubiri. Miaka thelathini na tisa mimi nilisimama mbele. Sikuwahi hata siku moja kwenda kusimama nyuma.

Damu ilinipanda. Sikubisha hodi, niliingia na tope langu mpaka katikati ya darasa. Nilikuwa nimejiandaa kumwosha Voicu mbele ya watoto wake: kwamba mtu mzima aliyesoma chuo anafunga watoto kama kuku wa sokoni, kwamba nitamwandikia kila mkubwa wa wilaya, kwamba ajionee aibu. Mdomo nilikwisha kuufungua.

Voicu alikuwa kwangu mwaka wa sitini, akiwa na miaka mitano. Aliponiona naingia alinyamaza katikati ya neno, akasimama wima, na mikono yake mikubwa yenye chaki ikaenda yenyewe mgongoni.

Watoto walitutazama. Nilizunguka meza, nikasimama nyuma yake, nikaishika ile mikono nikaanza kuifungua, kidole kimoja kimoja. Alikuwa amekaza. Nilimwambia, "Voicu, nisamehe," na akaniuliza kwa sauti ya mtoto amefanya kosa gani.

Dada yako,
Filofteia